Hesabu ya Vifaranga

Mayai kumi na mawili niliyapakata kutoka Chonchi hadi Quellón,
nimeyafunga ndani ya soksi zangu za kazini.
Basi likiruka shimo nami naruka nalo,
makalio yangu yakilipa ili maganda yasipasuke.
Yote ya samawati. Kuku wa kisiwa hiki cha Chiloé
hutaga rangi ya mbingu ambayo sisi hatuioni,
maana mvua ya huku haibishi hodi wala haiagi.

Koo tulimwita Ercira, jina la mama mkwe wangu
(mwenyewe hajui, nanyi msimwambie).
Siku kumi na nne aliatamia kama askari wa benki.
Ya kumi na tano akainuka, akajinyoosha,
akaenda kupekua matuta yangu ya kitunguu saumu
kana kwamba mayai yale ni deni la mtu mwingine.

Yasna, miaka tisa, aliniangalia.
Hakusema neno. Ndiyo shida ya Yasna.

Basi tukayahamishia kwenye sanduku la viatu
kando ya jiko la kuni:
tambara, bakuli la maji, kipimajoto cha homa.
Wiki nzima nilikuwa koo.
Saa nane za usiku nageuza yai moja moja,
na Nolfa mke wangu ananiuliza toka kitandani,
"Umeatamia vizuri?"
kisha anauziba uso kwa mto, acheke.

Saba yalikuwa viza. Moja lilipasuka lenyewe,
harufu yake ikakaa nasi mpaka Jumapili.
Manne yaliangua.
La mwisho lililia ndani kwa ndani kutwa nzima,
kisha likanyamaza.
Nikaliweka sikioni.
Nikaliweka tena.

Hakuna aliyeniambia habari za matako:
kwamba kifaranga huziba nyuma, kinyesi kikaganda kama saruji,
na usipomwosha hufa ameshiba.
Basi mkono huu, uliofungua kome kiwandani miaka kumi na moja,
ukajifunza kushika kiumbe chenye uzito wa barua
juu ya maji ya vuguvugu, kwa pamba,
naye akinitukana kwa sauti yake yote,
sauti inayoenea kwenye kijiko.

Novemba nikawatoa nje.
Kuku wa mkata, hata mwewe anamjua kwa jina;
huku kwetu mwewe ana miguu minne na madoadoa,
paka wa msituni, mdogo kuliko paka wa jikoni.
Niliziba kila tundu la upana wa ngumi yangu.
Nilipaswa kupima kwa ngumi ya Yasna.
Asubuhi, manyoya.
Aliokota unyoya mmoja mmoja, akatia kwenye kopo.
"Watatu," akasema.

Kati ya watatu hao, kipenzi chake aliitwa Malkia.
Saa kumi na moja kasoro robo, alfajiri moja ya Januari,
Malkia alipanda juu ya pipa, akafumbua mdomo,
akatoa mlio wa bawaba isiyoonja mafuta.
Jirani Sofanor, ambaye hulinda bandari usiku,
alikuja na pajama ndani ya buti za mvua,
mkononi barua ya manispaa, imeandikwa vizuri mno.
Nikamwambia, "Huyu ni Malkia."
Akamtazama kwa muda.
"Malkia ana ndevu," akasema.

Mwisho wake alimpeleka yeye mwenyewe kwa dada yake Queilen,
pora juu ya mapaja, basini.
Alirudi na gunia la viazi na suruali ya kufuliwa,
na barua hatukuisikia tena.

Wamebaki wawili. Mmoja anachechemea,
na wote wana utitiri; tunawapaka majivu kila Jumamosi,
tunajikuna sisi.

Jana yule tembe mzima alitetea
utadhani amezaa ng'ombe.
Yasna akaja mbio, kiganja amekifumba:
yai la samawati, dogo kama gololi.
Nikapasha kikaango. Akalivunja.
Hakukuwa na kiini.
Ute tu, mweupe, upana wa sarafu.

Nikatafuta neno la kibaba la kusema.
Yeye akatia chumvi, akakata vipande vitatu.
"Bado anajifunza," akasema,
akanisogezea kikubwa.